Kumzuia Nani?

Kati ya kizuizi na kizuizini kuna herufi mbili tu. Kizuizi ni lile gogo au bomba lililolazwa barabarani, na dereva wa lori anakijua: anasimama, anatoa leseni, anaulizwa amebeba nini, anafunguliwa njia. Kizuizini mtu haulizwi amebeba nini wala hafunguliwi njia. Kiambishi -ni, kile kile kinachotupa nyumbani, shambani na kanisani, kikibandikwa kwenye kizuizi kinamtia mtu ndani, na anayeingia huenda hajashtakiwa kwa lolote. Hajaiba. Hajaua. Kinachosemwa ni kwamba angeweza.

Maneno yote mawili yamezaliwa na kitenzi zuia, na kitenzi chenyewe hakina kosa. Watu huzuia pumzi, huzuia machozi msibani, huzuia maji yasiingie ndani. Katika kila mfano huo kinachozuiwa kipo: pumzi iko kifuani, machozi yako machoni, maji yameshafika kizingitini. Mambo hubadilika kitenzi hicho kinapobebeshwa uhalifu. Uhalifu uliokwisha kutendwa hauzuiliki tena. Ule ambao haujatendwa hauna mahali unapokaa, hauna uzito, hauna rangi. Askari anayeambiwa aende akauzuie atarudi na nini mkononi? Atarudi na mtu. Ametumwa akashike jambo, na kwa kuwa jambo halishikiki, ameshika aliyekuwa karibu nalo.

Magazeti yanalishuhudia hilo bila kukusudia. Kenya huandika kwamba mshukiwa "anazuiliwa" katika kituo fulani cha polisi. Tanzania huandika kwamba mtuhumiwa "anashikiliwa" na Jeshi la Polisi. Neno la Tanzania ni neno la mkono, linakiri kwamba kuna mwili ulioshikwa. La Kenya limeficha dai ndani yake: kwamba huyu asingezuiliwa, kuna jambo angelifanya. Katiba za nchi zote mbili hazilipendi dai hilo. Ya Tanzania, katika ibara ya 13(6)(b), inakataza aliyeshtakiwa kutendewa kama mkosaji kabla kosa halijathibitika. Ya Kenya ya 2010 inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani kwa kawaida ndani ya saa 24. Lakini katiba ni maandishi ya mchana. Kizuizini kina historia ya usiku.

Septemba 1962, Tanganyika ikiwa haijatimiza mwaka mmoja wa uhuru, Bunge lilipitisha Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Kwa sheria hiyo Rais aliweza kumfungia mtu ilimradi ameridhika kwamba mwenendo wa mtu huyo ni wa hatari kwa amani na utulivu. Amri yake haikuhojiwa mahakamani. Tazama neno linalobeba mzigo wote: kuridhika. Shahidi huthibitisha, hakimu huamua, Rais huridhika. Mtu huridhika na chakula, na mshahara, na mchumba aliyeletewa. Hakuna anayemdai ushahidi. Mwalimu Nyerere aliitetea sheria hiyo hadharani, kwa hoja ya taifa changa ambalo halina misuli ya kustahimili fujo. Hoja hiyo haikuwa ya kipuuzi. Januari 1964 wanajeshi waliasi Dar es Salaam, na serikali ikalazimika kuwaita Waingereza waje kuwanyang'anya silaha.

Hapa pana sadfa inayostahili kutazamwa kwa makini. Mwaka 1963, mwaka mmoja baada ya sheria ile, ilichapishwa tafsiri ya Nyerere ya Julius Caesar, tamthilia ya Shakespeare. Humo yumo Brutus, mwadilifu kuliko wote jukwaani, yuko peke yake bustanini usiku akitafuta sababu ya kumuua rafiki yake. Haipati. Anakiri kwamba Kaizari hajafanya ubaya wa kumstahilisha kifo. Hoja anayoiangukia mwishoni ni ya kesho: akivikwa taji huenda tabia yake ikabadilika, kwa hiyo na ahesabiwe kuwa yai la nyoka, apondwe angali ndani ya ganda. Basi Kaizari anauawa, na Roma, badala ya kupata amani, inapata vita. Hapana haja ya kumsingizia Mwalimu kwamba aliona sheria na tamthilia zikitazamana juu ya meza yake. Ila zote mbili zilipita mikononi mwake katika kipindi kimoja, na ni Brutus wake anayeeleza kwa Kiswahili jinsi mtu mwema anavyojishawishi kuzuia.

Yai la nyoka halijamuuma mtu. Huo ndio ugumu wake. Abdulrahman Mohamed Babu, aliyepata kuwa waziri katika serikali ya Muungano, alikamatwa baada ya Rais Karume wa Zanzibar kuuawa 7 Aprili 1972, akakaa ndani huku Bara hadi 1978. Zanzibar ilimhukumu kifo bila yeye kuwapo mahakamani. Bara haikumpeleka, haikumshtaki, haikumwachia. Desemba 1977 Ngũgĩ wa Thiong'o alichukuliwa nyumbani kwake Limuru baada ya wanakijiji wa Kamirithu kucheza tamthilia ya Kikuyu aliyoitunga pamoja na Ngũgĩ wa Mirii. Alikaa gereza la Kamiti karibu mwaka mzima, bila kesi. Zilizuiliwa hatari gani katika miaka sita ya Babu na mwaka mmoja wa Ngũgĩ? Hakuna awezaye kujibu, hata waliotia sahihi amri. Kuzuia kukifanikiwa hakuachi ushahidi wa kufanikiwa kwake. Yuko mganga wa pwani ambaye hulipwa azuie mvua siku ya harusi: isiponyesha, anadai ujira wake, ikinyesha, anasema bila yeye ingekuwa gharika. Serikali inayofungia watu kwa ajili ya makosa ya kesho imekaa kwenye mkeka wa mganga huyo.

Wakoloni walikuwa wamekwisha kuionyesha njia. Tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ilizingirwa na majeshi katika operesheni iliyoitwa Anvil. Wakikuyu, Waembu na Wameru walikusanywa wakapitishwa mmoja mmoja mbele ya watu waliovikwa magunia yenye matundu ya macho. Kikuyu kiliwapa jina, gakunia, kigunia. Kigunia kikitikisa kichwa, mtu huyo aliwekwa kando. Waliopelekwa makambini kwa operesheni ile moja walizidi 20,000, nao wakagawanywa kwa rangi ambazo hazikuwa za ngozi: weupe, wa kijivu, weusi, kwa kadiri ya ubaya waliodhaniwa kuwa nao moyoni. Ofisi ya kikoloni ilikuwa imejipa kazi ya kupima mioyo, na kipimo chake kilikuwa gunia.

Kupima mioyo ni kazi ambayo dini zote kuu za ukanda huu zimemwachia Mungu. Lakini vitabu vyake vina visa vinavyosumbua, na kinachosumbua kuliko vyote kimo katika Sura ya Al-Kahf. Nabii Musa anafuatana na mja aliyepewa elimu maalumu, ambaye mapokeo yanamwita Khidhri. Njiani wanakutana na kijana, na Khidhri anamuua. Musa anashtuka na kupinga papo hapo: nafsi isiyo na hatia, haikuua mtu! Baadaye Khidhri anaeleza kwamba wazazi wa kijana walikuwa waumini, na ilihofiwa angewatia katika uasi na ukafiri. Mola wao angewapa mwingine bora kuliko yeye. Hapo msomaji hutulia, maana sababu imetolewa. Asitulie upesi. Anayepinga katika kisa hiki ndiye nabii aliyeleta sheria. Anayeua ndiye anayesema mwishoni kwamba hakufanya kwa amri yake mwenyewe. Kisa kimewagawia kazi: mjuzi wa ghaibu hana sheria mkononi, na mwenye sheria hana elimu ya ghaibu.

Waislamu wa kwanza waliiona hatari ya kisa hicho mapema. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Najda, kiongozi wa kundi la Makhawariji, alimwandikia Ibn Abbas, sahaba wa Mtume, kumuuliza, pamoja na mengine, kuhusu kuua watoto. Ibn Abbas alijibu kwamba Mtume hakuwa akiwaua watoto, basi naye asiwaue, isipokuwa kama anajua juu yao kile alichokijua Khidhri juu ya yule kijana. Jibu hilo ni mlango uliofunguliwa kwa kejeli ili ufungike kabisa. Unataka kuadhibu kosa la kesho? Vizuri. Lete elimu ya Khidhri. Hadi sasa hakuna afisa wa usalama aliyeileta, ingawa mafaili ni mengi.

Biblia inakwenda kwa njia nyingine na kufika jirani. Katika Mwanzo 4, Mungu anamwona Kaini amekunja uso, anajua kinachopikika moyoni mwake, na anazungumza naye kabla ya jinai ya kwanza ya dunia: anamwambia dhambi iko mlangoni inamtamani, naye anapaswa kuishinda. Hamfungi mikono wala hamhamishi Habili. Anamwonya, kisha anamwacha aende shambani. Wanateolojia wamejaza maktaba kueleza kwa nini, na maelezo ya hiari ya binadamu ndiyo yanayopendwa zaidi. Mama wa Habili, kama angeulizwa, huenda angekuwa na maoni tofauti. Lakini lisipitwe linalofuata. Baada ya mauaji, Kaini anaogopa kwamba yeyote atakayemkuta atamuua, na Mungu anamtia alama asiuawe. Kinga ya kwanza dhidi ya mauaji katika Biblia amepewa muuaji. Ukurasa huo huo unatofautisha maneno ambayo polisi na wanasiasa huyachanganya: kabla ya tendo, onyo; baada ya tendo, hukumu, na kinga hata kwa aliyehukumiwa. Kuzuia kwa mkono hakumo. Katika Injili ya Yohana pia, Yesu anamjua atakayemsaliti, anampa tonge mezani, na anamwambia alifanye upesi analolifanya. Kumi na mmoja wenye nguvu walikuwa wamekaa meza hiyo hiyo. Hawakuambiwa wamshike.

Kiswahili kimepata kutoka Kiarabu kundi zima la maneno kuhusu jambo hili, na ukiyaweka pamoja yanajieleza. Dhana ni kile unachokifikiri bila uhakika. Tuhuma ni dhana iliyofika mdomoni. Jasusi ni mtu anayeitafutia dhana chakula. Mahabusu ni mwisho wa njia. Aya ya 12 ya Sura ya Al-Hujurat inaanzia mwanzo wa njia hiyo: inawataka waumini waepuke dhana nyingi, kwa kuwa baadhi ya dhana ni dhambi, na wasipelelezane, na neno la Kiarabu lililotumika hapo kwa kupelelezana ni ndugu wa jasusi wetu. Kuna kisa maarufu cha Khalifa Umar aliyepanda ukuta wa nyumba usiku baada ya kusikia sauti, akamkuta mtu na pombe. Mtu huyo akamjibu kwamba yeye amekosa mara moja, Khalifa amekosa mara tatu: amepeleleza, ameingia kwa kupanda ukuta badala ya mlango, na hakutoa salamu. Umar akamwacha. Haielekei kwamba wengi wa wanaovunja milango saa nane usiku Pwani ya Kenya au Eastleigh, Nairobi, wamewahi kusimuliwa kisa hicho.

Kwa wanasheria wa Kiislamu jambo hili liliendelea kujadiliwa kwa jina la kuziba njia, yaani kukataza jambo la halali kwa sababu linaelekeza kwenye haramu. Madhehebu ya Maliki yaliitumia kanuni hiyo kwa upana. Imamu Shafi, ambaye Waswahili wengi wanafuata madhehebu yake, alikuwa mzito kuikubali. Alishikilia kwamba hukumu za dunia hufuata lililo dhahiri, na yaliyofichika ana Mungu. Dhahiri na dhana: herufi zao za kwanza zinafanana, na ndipo kufanana kunapokoma.

Sasa twende Usukumani, ambako swali hili liliacha vitabu likashika upinde.

Sungusungu ni chungu mweusi mkubwa anayetembea kwa misururu na kuuma kwa pamoja. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 jina lake lilichukuliwa na vikundi vya wanavijiji wa Shinyanga na Tabora waliochoshwa na wizi wa ng'ombe. Vita vya Kagera vya 1978 na 1979 vilikuwa vimeacha bunduki mikononi mwa watu, uchumi ulikuwa taabani, na polisi walikuwa mbali. Walipokuwa karibu, bei yao ilijulikana. Wanavijiji wakajipanga. Yowe lilipopigwa, kila mwanamume alitoka na upinde na mishale, nyayo zikafuatwa kutoka kijiji hadi kijiji, na wezi wakakosa pa kupumulia. Adhabu kubwa haikuwa kipigo. Ilikuwa kutengwa: hakuna anayekusalimu, hakuna anayekupa moto wa kuwashia jiko, hakuna anayekuja kwenye msiba wako. Wizi ukapungua, na watu walioishi wakati ule wanalisema hilo kwa fahari. Chama tawala kiliwaunga mkono, wanasheria wakanung'unika, na mwaka 1989 sheria za mgambo zikarekebishwa ili sungusungu watambulike.

Mpaka hapo sungusungu ni hadithi ya sifa. Walikuwa wakifuata nyayo, na nyayo ni dhahiri: ng'ombe ametoka zizini, ameacha alama, alama zina mwisho. Lakini jina walilojipa lilikuwa na ukweli zaidi ya walivyodhani. Sungusungu wa porini hawakai mlangoni kungoja adui. Hutoka wenyewe kwa mstari kwenda kuvamia vichuguu vya mchwa ambao hawajawakosea kitu. Na sungusungu wa binadamu nao, katika miaka yao ya mwanzo, walitoka kwenye nyayo wakaenda kwenye sura. Walianza kuwasaka wachawi.

Mchawi ni mhalifu wa kesho aliyekamilika. Kosa lake halionekani, chombo chake hakionekani, na ubaya wake umo ndani ya mwili. Usukumani macho mekundu ya kikongwe yalitosha kuwa ushahidi, ingawa sababu yake iko jikoni: mama aliyepika maisha yake yote kwa samadi ya ng'ombe, katika nyumba isiyo na dirisha, atakuwa na macho gani? Mauaji ya vikongwe yameendelea katika mikoa hiyo kwa miongo mingi, na wauaji wengi ni watu wa kukodiwa walio nje ya kikundi chochote cha ulinzi. Lakini mantiki yao haitofautiani na ya gakunia. Wanaamini wanazuia. Ukimuuliza aliyelipa pesa kwa nini bibi yake auawe, hatasema ameadhibu. Atasema amewaokoa watoto wake wasife.

Sheria za mijini zina kikongwe wao pia. Anaitwa mzururaji. Kanuni za adhabu zilizoachwa na Waingereza Tanganyika, Kenya na Uganda zilimfanya kuwa mkosaji mtu asiye na kazi inayoeleweka, anayekutwa mahali na saa inayotia shaka. Si lazima awe amefanya kitu; awe tu mtu wa namna fulani. Mwaka 1983 Dar es Salaam ilifanyiwa msako wa Nguvu Kazi, na wasioweza kuonyesha kitambulisho cha kazi wakapakiwa kwenye malori na mabasi kurudishwa vijijini. Wengine walikuwa wauza karanga. Vijana wengi wa jiji leo, na pengine wasomaji wengi wa makala hii walipokuwa na miaka ishirini, wangeingia kwenye lori hilo. Tarehe 4 Desemba 2020, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ilitoa maoni kwamba sheria za uzururaji hazipatani na Mkataba wa Afrika, kwa kuwa zinamwadhibu mtu kwa hali yake na kumbagua maskini. Ilichukua karibu miaka mia moja tangu ukoloni wa Kiingereza uanze Tanganyika hadi mtu mwenye joho aseme hivyo rasmi.

Mwenye hasira atasema: haya, tukae tungoje watu wauawe? Swali hilo halistahili kukwepwa. Septemba 2013 magaidi waliingia duka la Westgate, Nairobi. Aprili 2014 Kenya ikaanzisha msako ulioitwa Usalama Watch, na maelfu ya watu, wengi wao Wasomali wa Eastleigh, wakakusanywa, baadhi wakafungiwa uwanja wa michezo wa Kasarani. Tarehe 2 Aprili 2015, mwaka mmoja baadaye, watu 148 waliuawa Chuo Kikuu cha Garissa. Mtu anaweza kusema msako haukutosha. Inaelekea zaidi kwamba ulishika wasiohusika, kwa maana ulikuwa umemtafuta mtu wa namna fulani.

Na kuna mfano mgumu zaidi, wa nyumbani. Mwanamke amepigwa na mumewe, na mume ameapa mbele ya majirani kwamba safari ijayo atammaliza. Huyo hahitaji mhadhara juu ya Khidhri. Anahitaji mtu amzuie mumewe leo. Na azuiwe. Lakini mume huyu hayuko kwenye kundi la kikongwe wala la mzururaji: amepiga, ametishia, majirani wamesikia. Tishio ni tendo. Sheria inayo njia ya kumwita mbele ya hakimu, kumsikiliza, kumtaka aweke dhamana na wadhamini kwamba atatunza amani, au kumpa amri ya zuio asikaribie mlango. Anazuiwa kwa alilofanya. Hakuna aliyetazama rangi ya macho yake.

Pembeni mwa zuia kuna neno jingine ambalo wenye mamlaka hulitumia kidogo mno. Mvua ikija mtu hujikinga, na huyo huyo hutoa ndoo akakinga maji. Kukinga hakuna ugomvi na mawingu. Kumbukumbu la Torati 22:8 inamwagiza ajengaye nyumba aweke ukingo kuzunguka dari lake, mtu asije akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Sheria hiyo haimtuhumu yeyote. Haisemi jirani yako ni mlevi wala watoto wake ni watundu. Inalishughulikia dari na kuwaacha watu na heshima zao.

Wazee wa pwani nao walikuwa na yao. Walizika fingo shambani, wakatundika kago kwenye mnazi, zote dawa za kulinda mali, wakazindika nyumba mpya kabla ya kulala ndani. Masheikh na mapadri wameyakemea haya kuwa ni ushirikina, na hiyo ni haki yao. Hata hivyo fingo ina adabu moja ambayo sheria ya 1962 haina. Mwizi anayelifikiria shamba, anayelizunguka, anayezitamani nazi zake usiku kucha, fingo haimgusi. Inangoja mkono ufike kwenye nazi. Anayebadili mawazo akiwa chini ya mnazi anarudi nyumbani mzima, na hakuna atakayejua alikuja.

Kati ya kukinga na kupeleleza mpaka ni mwembamba, na balozi wa nyumba kumi anausimamia kila siku. TANU, chama tawala cha wakati huo, ilianzisha mabalozi hao katika miaka ya 1960. Kenya ikaazima mfumo kwa jina la Nyumba Kumi baada ya Westgate. Balozi anayejua kwamba mama wa nyumba ya saba anaishi peke yake, na anapita jioni kumsabahi, anamkinga. Balozi huyo huyo akianza kuandika nani amelala kwa nani, amekuwa jasusi, na daftari ni lile lile. Ulinzi shirikishi, ambao polisi wa Tanzania waliupigia debe sana wakati wa Inspekta Jenerali Said Mwema, unaweza kuangukia upande wowote kati ya hizo mbili. Inategemea daftari linafunguliwa kwa ajili ya nani: anayeweza kudhurika, au anayedhaniwa atadhuru.

Kenya iliondoa katika sheria zake uwezo wa serikali kumweka mtu kizuizini bila kesi katika mageuzi ya 1997. Nchini Tanzania, Tume ya Jaji Francis Nyalali iliwasilisha ripoti yake mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa, na Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ilikuwa mojawapo. Sheria za nchi zilipochapishwa upya katika toleo la 2002, kama miaka kumi baada ya ripoti hiyo, ilikuwa bado imo, Sura ya 361.